Kalenda ya pamoja kazini: anza na ruhusa, rangi baadaye

Ukikabidhiwa kazi ya kuanzisha kalenda ya pamoja, utavutwa kwanza na rangi: vikao bluu, likizo kijani, tarehe za mwisho nyekundu. Ziache. Swali la kumaliza kabla hujabofya chochote ni kalenda itakaa chini ya akaunti ya nani, na nani aruhusiwe kufanya nini ndani yake. Watu wakishadanganywa na kalenda mara mbili, watarudi kuulizana kwa simu, na kuwarudisha ni kazi kubwa kuliko kuianzisha.

Usiifungue kwa akaunti ya mfanyakazi mmoja. Siku akihama na akaunti yake ikafungwa, mtajikuta hakuna anayeweza kugusa mipangilio, au kalenda nzima imekwenda naye. Ifungue kwa akaunti ya idara, kisha wape watu wawili ruhusa ya juu kabisa. Mmoja hatoshi kwa sababu naye huenda likizo. Kumi ni vurugu.

Wengine wote wape kidogo. Kalenda ya Google ina ngazi nne: kuona tu kama muda umeshikwa au uko huru, kuona maelezo yote ya tukio, kuhariri matukio, na kuhariri pamoja na kusimamia ruhusa za wengine. Outlook, programu ya Microsoft ya barua pepe na kalenda, nayo ina ngazi zinazokaribiana na hizo. Wengi humpa kila mtu ruhusa ya kuhariri kwa hoja kwamba "sisi sote ni timu moja". Sikubaliani na hoja hiyo. Mtu anapekua kalenda kwenye simu, kidole kinashikilia tukio na kulivuta, kikao cha Jumanne kinahamia Jumatano, na mwenyewe hana habari. Anayehitaji kuhariri atakuja kuomba, na ukimpa atakuwa mwangalifu zaidi.

Hapohapo wafundishe wanaoanza kuitumia tofauti ya kuficha, kujiondoa na kufuta. Mtu akiona orodha yake ya kalenda imejaa, hutaka kuipunguza. Akificha, haionekani kwake tu. Akijiondoa, inatoka kwenye orodha yake na wengine wanaendelea nayo. Lakini mwenye mamlaka ya kuifuta akibofya kufuta kabisa, ameiondoa kwa ofisi nzima.

Sasa uandishi wa tukio. Andika kwa ajili ya mtu ambaye hakuwepo mlipokubaliana. "Kikao" hakimwambii chochote. "Bajeti ya robo ya tatu: kupitisha au kurudisha" kinamwambia alete nini na akae upande gani wa meza. Kiungo cha mkutano wa mtandaoni kiweke mahali pake, si kwenye ujumbe wa pembeni. Na angalia saa unapoandika: saa nane mchana ni 14:00. Anayeandika 8:00 ametuma mwaliko wa saa mbili asubuhi, na programu haitamuuliza.

Kumbuka pia kwamba kichwa cha tukio husomwa na wengi. "Hospitali, vipimo" au "Usaili, nafasi ya mhasibu" ni habari za mtu mwingine. Ukiliweka tukio kuwa la faragha, wengi wataona tu kwamba umeshikika, ila uliowapa ruhusa ya kuhariri kalenda yako huenda wakaendelea kuliona.

Likizo ina mtego wake. Tukio la siku nzima mara nyingi huingia likiwa limehesabiwa "huru", kwa hiyo mtu yuko mapumzikoni, bango limetanda wiki nzima, na bado mfumo unawaambia wenzake anapatikana. Badilisha hali iwe "ameshikika" au "nje ya ofisi" kabla ya kuhifadhi.

Kwa vyumba vya mikutano, kuandika jina la chumba kwenye sehemu ya mahali si kukihifadhi kwa ajili yako. Chumba kilichosajiliwa kwenye mfumo hualikwa kama mtu, na chenyewe hujibu kukubali au kukataa. Usipoona jibu lake, huna chumba, hata kama mwaliko wako unasomeka vizuri.

Vikao vinavyojirudia ndivyo vinavyoharibu kalenda polepole. Ukihariri kimoja, utaulizwa: hiki tu, hiki na vinavyofuata, au vyote? Ukichagua vyote unaweza kubadilisha hata vilivyopita, na kumbukumbu ya nani alialikwa lini ikavurugika. Kwa kawaida unachotaka ni hiki na vinavyofuata. Viwekee tarehe ya mwisho pia, maana kuna vikao vya kila wiki vinavyoishi miaka baada ya mradi wake kufa.

Kama mna wenzenu ng'ambo, jua kwamba kikao kinachojirudia hufuata ukanda wa saa kilichoundiwa. Nchi nyingi za Ulaya hubadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Sehemu kubwa ya Marekani hubadilisha Jumapili ya pili ya Machi na ya kwanza ya Novemba. Katika wiki hizo za katikati, kikao chenye watu wa pande zote mbili humgongea mmoja saa isiyo yake. Kiunde kwenye ukanda wa wale ambao hamtaki saa yao iyumbe.

Na wanaotumia programu tofauti? Mafaili ya .ics, yaani mafaili ya kubebea matukio ya kalenda, yanasomeka karibu kila mahali. Kuingiza faili ni kuchukua nakala, ambayo haitajua mabadiliko ya kesho. Kujiunga kwa kiungo kunaleta mabadiliko, ingawa pengine kwa kuchelewa saa kadhaa, kwa hiyo usikitegemee kwa kikao kilichohamishwa leo asubuhi. Kiungo cha siri kichunge, kwani anayekipata anasoma.

Limebaki suala la bosi anayetangaza vikao kwenye kundi la WhatsApp. Usimkosoe mbele ya watu. Mwombe ruhusa ya kumwekea vikao kwa niaba yake. Mifumo mingi ina nafasi hiyo. Wengi hukubali upesi, maana hawapendi kuandika mialiko.