Paneli za sola Malindi: usikate paipu ya hewa ya choo, sogeza paneli

Ndugu, umesema paa lako la Malindi ni la bati, unataka paneli 8 za wati 550, na katikati pametokeza paipu mbili za hewa za choo za inchi 4 pamoja na bomba la moshi la jikoni. Fundi anataka kuzikata zile paipu ziishie chini ya paneli ili safu inyooke. Mkatalie.

Paipu ile ndiyo inayoupa hewa mfumo mzima wa maji taka. Ikisongwa, kila unapovuta maji chooni yanayoshuka hufyonza maji yaliyokaa kwenye kiwiko cha sinki na cha bafu, yale yanayozuia harufu, nayo inapanda ndani ya nyumba. Gesi hiyo ya maji taka ina haidrojeni salfaidi, ambayo hugeuza shaba kuwa nyeusi na kula viungio vya nyaya mgongoni mwa paneli. Na siku kunguru akijenga humo, itabidi ufungue paneli kwanza ndipo uzibue.

Kusogeza paneli huku kwetu hakukugharimu sana. Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo paneli yenye mwinamo wa nyuzi 10 ikitazama mashariki au magharibi inazidiwa kidogo tu na ile inayotazama kaskazini. Kivuli ndicho kinachokula umeme. Paneli ya kawaida ina daiodi 3, vifaa vidogo vinavyopitisha umeme kando ya seli zilizofunikwa na kivuli. Kivuli cha paipu kikilala sawasawa juu ya seli moja tu, daiodi yake inaruka theluthi nzima ya paneli. Na daiodi ikiwa mbovu, seli ile inapata moto hadi kioo kinabadilika rangi.

Sasa vipimo. Hesabu urefu wa paipu kuanzia usawa wa kioo, maana reli huinua paneli sentimita 10 hadi 15 juu ya bati. Saa tatu asubuhi mwezi wa Juni kivuli ni karibu mara moja na nusu ya urefu huo, na saa kumi alasiri kinapita kidogo hapo. Kwa hiyo acha nafasi mara mbili ya urefu upande wa mashariki na wa magharibi. Kaskazini na kusini, urefu mmoja unatosha. Saa sita mchana mwezi wa Juni, paipu ya mita 1 inatupa kivuli cha sentimita 50 kwenda kusini. Desemba ni kama sentimita 37 kwenda kaskazini. Usichukue maneno yangu tu: kabla tundu la kwanza halijatobolewa, panda na chaki saa tatu na saa kumi, weka alama kivuli kinapoishia, kisha ongeza kwa ajili ya miezi mingine.

Paipu ndefu kuliko inavyohitajika inaweza kupunguzwa, ibaki angalau sentimita 15 juu ya bati na isiwe karibu na dirisha la ghorofani. Ikiwa kuna dirisha ndani ya mita 3, mdomo wa paipu uwe sentimita 90 juu yake. Lakini kama ni paipu ya choo cha shimo, usiiguse: ile lazima ipite sehemu ya juu kabisa ya paa kwa sentimita 50, la sivyo haivuti.

Ikibidi kabisa kuihamisha paipu ya choo cha maji, ihamishe chini ya bati, kwa viwiko viwili vya nyuzi 45. Viwiko vya nyuzi 90 vinakusanya uchafu. Kipande kinacholala kiinamie kurudi kwenye paipu kuu, sentimita 2.5 kwa kila mita, ili jasho la ndani lishuke badala ya kutuama.

Tundu jipya ndipo mafundi wengi wanapoharibu. Wanamimina silikoni kuzunguka paipu na kushuka. PVC ya mita 3 hurefuka kama milimita 5 joto likipanda nyuzi 30, na bati nalo linatembea kivyake. Silikoni inapasuka, na masika yakiingia dari inavuja. Tumia kola ya EPDM, mpira unaostahimili jua. Ikate tundu la milimita 90 kwa paipu ya milimita 110, ili mpira uibane wenyewe. Igeuze kona moja ya kitako chake cha mraba ielekee juu ya mteremko, maji yagawanyike pande mbili. Ukingo bapa ukielekea juu, inageuka bwawa dogo. Silikoni ya kuzibia kingo iwe isiyo na asidi. Fungua kifuniko unuse: ikinuka siki, irudishe dukani, itakula zinki ya bati. Sehemu ya paipu inayobaki juani ipake rangi nyeupe ya maji.

Skrubu za reli zipite kwenye mgongo wa bati, zishike papi (mbao zilizobeba bati), na ziwe na washa ya mpira. Kwa chumvi ya hapa chukua bolti za chuma cha pua namba 316. Zile za kawaida zitaanza kutoa kutu.

Bomba la jikoni lina shida nyingine, nayo ni mafuta yanayotoka na moshi. Kusi inayatupa kaskazini-magharibi, kaskazi inayatupa kusini-magharibi. Basi paneli zikae mashariki ya bomba, upande wa bahari, na umbali ule ule wa kivuli uzingatiwe kwa jua la alasiri. Mafuta yakishika kioo, vumbi na chumvi vinaganda juu yake na mvua haiviondoi. Osha alfajiri kioo kikiwa baridi, kwa sponji laini na sabuni kidogo ya vyombo. Maji ya kisima cha chumvi yanaacha madoa meupe, afadhali yale ya mvua.

Mdomoni mwa paipu ya choo cha maji weka wavu wa matundu ya milimita 12 kuzuia kunguru. Chandarua cha mbu kinaziba. Kazi ikiisha, mwaga ndoo nzima chooni mwenzako akisikiliza kwenye sinki: kukiwa na mlio wa kububujika, hewa bado haipiti, na fundi asilipwe salio hadi apande tena.