Kikohozi cha wiki tatu si cha kimeo

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana mwaka mmoja na miezi minne. Anakohoa wiki ya tatu sasa, zaidi usiku, na mara nyingine anakohoa mpaka anatapika. Zahanati walimpa amoksilini na sirapu, ameshamaliza, bado anakohoa. Mama mkwe alimwangalia kooni akasema kimeo kimerefuka kinagusa ulimi, na anamjua fundi wa kukikata. Mimi fundi namwogopa. Je, nimpeleke hospitali akakatwe kitaalamu? – Mama S., Mbagala

JIBU: Marahaba, mama. Kimeo, kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya koo, asikatwe, si kwa fundi wala hospitali.

Swali lako nimelichagua kati ya mengi yanayofanana nalo kwa sababu ya hapo mwisho. Tumepiga kelele miaka mingi kuhusu fundi na kisu chake kilichopinda, kile kile kimoja kwa watoto wote waliopanga foleni asubuhi hiyo, na watu wametusikia. Lakini walichokisikia ni kwamba ubaya ni uchafu wa kisu, kwa hiyo kisu kikichemshwa na ganzi ikiwepo, mambo yameisha. Zipo zahanati za vichochoroni zilizoinusa biashara hiyo. Wanavaa glovu, wanakata kwa mkasi unaong'aa, risiti wanatoa. Hao ndio wanaonikera kuliko fundi. Fundi angalau anakiamini anachokifanya. Mwenzetu huyu alikaa darasani akafundishwa kuwa kimeo hakileti kikohozi, akafaulu mtihani, akaja kukikata.

Tuanze na huo urefu. Mtoto akilia huku ulimi umekandamizwa na kijiko, mzizi wa ulimi unapanda nyuma na kimeo kinalala juu yake. Mwangalie hivyo mtoto yeyote mzima wa jirani, utaona "kimegusa". Halafu mtoto aliyekohoa usiku kucha na kutapika, koo lake lote huwa jekundu na kimeo huvimba kidogo. Kwa hiyo mama mkwe hakudanganya, alichokiona kipo. Ila kimevimba kwa sababu mtoto anakohoa. Yeye ameligeuza, anasema mtoto anakohoa kwa sababu kimevimba.

Na kimeo kina kazi. Mwaka 1992 watafiti wa Israel walikichunguza kwa hadubini, wakakuta kimejaa tezi zinazotoa mate mepesi kwa wingi, yanayolainisha koo wakati wa kumeza na kuzungumza. Watu wazima waliokatwa kimeo pamoja na sehemu ya kaakaa laini kwa sababu za kweli za kitabibu hulalamika koo kukauka na kuhisi kama kuna kitu kimekwama. Koo kavu linawasha, na mwenye koo linalowasha anakohoa.

Najua utakachoambiwa nyumbani: "Mbona fulani alikatwa akapona?" Ni kweli alipona. Mwaka 2013 jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi za kikohozi cha kawaida cha watoto, kile kinachokuja na mafua. Kwa nusu ya watoto kikohozi kilikuwa kimekwisha kufikia siku ya 10. Ilibidi kufika siku ya 25 ndipo asilimia 90 wakawa wamepona. Sasa jiulize, mzazi anakwenda kwa fundi siku ya ngapi? Si siku ya tatu. Anakwenda wiki ya tatu, uvumilivu umemwishia, kama wewe sasa hivi. Fundi ni sawa na mganga wa mvua anayeanza kupiga ngoma mwishoni mwa Machi: masika yakishuka, anadai ujira wake. Mtoto angekatwa kucha siku hiyo badala ya kimeo, kikohozi kingekwisha vilevile, na leo tungekuwa na mafundi wa kucha.

Wale ambao hawakupona hawasimuliwi. Tunakutana nao sisi. Watafiti wa idara ya dharura ya Hospitali ya Taifa Muhimbili walipitia mafaili ya watoto waliofikishwa hapo mwaka 2012, wakachapisha matokeo mwaka 2015. Kati ya mafaili 5,540 yaliyokamilika, 56 yalikuwa ya watoto waliotoka kukatwa kimeo siku za karibuni. Umri wao wa kati ulikuwa mwaka mmoja na miezi kama mitatu, yaani rika la mwanao. Wote 56 walilazwa. 11 waliongezewa damu, watatu walifanyiwa upasuaji, 12 walifariki. Hiyo ni asilimia 21, wakati kwa watoto waliofika kwa maradhi mengine waliofariki walikuwa asilimia 9.

Msomaji makini atasema vifo vyote hivyo si vya kisu, kwa kuwa watoto hao walikuwa wagonjwa tangu kabla ya kukatwa. Naam! Ndiyo hoja yangu hasa. Wengi wao walikuwa wanakohoa, na mtoto anayekohoa aliyepelekwa kwa fundi anaweza kuwa na nimonia. Siku tatu zinapotea watu wakisubiri kidonda kipone ndipo "waone matokeo", huku mapafu yanajaa. Na mkasi unaong'aa wa zahanati unapoteza siku tatu zile zile.

Damu nayo ina ujanja wake kwa mtoto mdogo. Haitoki nje ukaiona. Anaimeza. Mama anamwona mtoto ametulia, amelala, anashukuru Mungu. Usiku anatapika kitu cheusi kama uji wa ulezi ulioungua, na ukimkunja kope la chini ndani ni peupe. Mtoto wa kilo kumi ana damu isiyozidi lita moja mwilini mwake, hana ya kuchezea.

Turudi kwa mwanao. Akiwa ametulia au amelala, funua fulana, tazama kifua kikipanda na kushuka, uhesabu pumzi kwa dakika nzima, si nusu dakika mara mbili. Kwa umri wake, pumzi 40 au zaidi kwa dakika ni nyingi mno. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na mmoja kikomo chake ni 50. Ukiona hivyo, au sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au midomo inabadilika rangi, usisubiri jibu la gazeti, mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Kama hakuna lolote kati ya hayo, bado nataka aonwe wiki hii, na uende na maswali haya kichwani. Kadi ya kliniki inasemaje, chanjo zote za pentavalenti alipata? Kikohozi cha kufululiza kinachoishia kwa kutapika kinanifanya nikifikirie kifaduro, ambacho chanjo hiyo hukikinga. Nyumbani kuna mwenye pumu, au kifua cha mtoto kinapiga mluzi usiku? Analala mdomo wazi na kukoroma? Hapo huenda ni nyama za nyuma ya pua. Kuna mtu mzima anayekohoa ndani ya nyumba, babu, dada wa kazi, mpangaji mwenzenu? Kifua kikuu cha mtoto mdogo karibu siku zote kimetoka kwa mtu mzima wa karibu.

Na swali ambalo mara nyingi halimo kwenye karatasi ya zahanati: kikohozi kilianza polepole na mafua, au kilianza ghafla, mtoto akiwa anakula au anacheza? Tumetoa karanga kwenye njia za hewa za watoto waliotibiwa kikohozi wiki nyingi. Mtoto anawekwa usingizi, tunapitisha bomba la chuma lenye taa hadi kwenye mirija ya mapafu, tunamkuta mgeni kakaa upande wa kulia, amevimba kwa unyevu, amezungukwa na usaha. Maharage ni mabaya zaidi, yanavimba na kumeguka ukiyashika. Mmoja wa watoto hao alikuja na kimeo kimeshakatwa, kidonda kimepona vizuri kabisa. Punje ya karanga ilikuwa bado ipo kifuani.

Kuhusu sirapu, usiongeze nyingine. Za kuzuia kikohozi kwa watoto wa umri huu hazijaonyesha faida inayotosha kuhalalisha madhara yake, na hatujasahau Gambia mwaka 2022, watoto kadhaa walipokufa kwa figo kushindwa baada ya kunywa sirapu zilizokutwa na kemikali za viwandani. Kwa kuwa mwanao ameshavuka mwaka mmoja, asali nusu kijiko cha chai kabla ya kulala inatosha kumtuliza. Chini ya mwaka mmoja asali ni marufuku.

Huwa naulizwa kwa ukali kidogo: "Nyinyi madaktari mbona mnakata?" Tunakata, ndiyo. Kuna uvimbe mdogo unaoweza kuota kwenye kimeo. Kuna watu wazima wanaokoroma mpaka pumzi inakatika usingizini. Upasuaji wao ulielezwa na daktari Fujita na wenzake huko Detroit, Marekani, mwaka 1981, na unahusu kaakaa, kimeo na tonsili kwa pamoja, baada ya usingizi wa mgonjwa kupimwa. Kikohozi hakimo kwenye orodha hiyo.

Tena tazama fani yetu inakoelekea. Tonsili, ambazo zina sababu halali za kuondolewa, leo tunaziuliza maswali magumu. Mwishoni mwa 2023 Wamarekani walichapisha utafiti wa watoto 459 wanaokoroma bila pumzi kukatika sana. Waligawanywa kwa bahati nasibu, kundi moja likatolewa tonsili na nyama za nyuma ya pua, jingine likaangaliwa tu. Baada ya mwaka mmoja, waliokatwa walilala vizuri zaidi na shinikizo la damu likawa bora, lakini umakini na uwezo wa kupanga mambo, ambavyo ndivyo hasa vilivyokuwa vinapimwa, havikutofautiana. Hapo kila mzazi anakaa na daktari wake wakapime faida na hasara. Watoto 459 wamefuatiliwa mwaka mzima ili tu tujue nani aachwe, na mwenye zahanati ya kichochoroni anakata kimeo dakika mbili baada ya kumwangalia mtoto kwa tochi ya simu.

Watu wazima nao wasijifanye swali hili ni la watoto. Nawaona: mzee ana presha, anameza enalapril au captopril, anakohoa kikavu miezi minne, kimeo kimekatwa, bado anakohoa. Dawa hizo zenyewe huleta kikohozi kwa baadhi ya watu. Asiziache kwa kujiamulia. Arudi kwa aliyemwandikia ambadilishie. Mwingine ana asidi ya tumboni inayopanda kooni usiku. Mwingine mishipa ya fahamu ya koo imekuwa nyepesi mno kushtuka, na huyo ndiye mgumu kweli: dawa mpya ya gefapixant ilijaribiwa kwa zaidi ya watu 2,000, ikaruhusiwa Japani na Ulaya, mamlaka ya dawa ya Marekani ikaikataa kwa kuona ushahidi wa faida yake hautoshi. Na yupo yule anayenitia hofu zaidi, anayekohoa zaidi ya wiki mbili, anakonda, anatokwa jasho usiku, naye amekatwa kimeo akaambiwa asubiri. Anasubiri huku analala chumba kimoja na watoto wanne. Kupima makohozi ya kifua kikuu kwenye vituo vya serikali ni bure, na fundi yeyote wa kimeo, awe na kisu au na cheti ukutani, ada yake ni kubwa kuliko hiyo.

Na kwa mzazi ambaye ameshamkatisha mtoto akasoma hapa akashtuka: ukifika hospitali usifiche. Wengi wanaficha, tunakuja kugundua wenyewe mtoto akifunguliwa mdomo, saa zimeshapotea. Tuambie alikatwa siku gani, kwa kifaa gani, alipakwa nini kwenye kidonda, na kama ametapika ilikuwa rangi gani. Hatukuulizi ili tukugombeze. Tunataka kujua kama tuandae damu, kama chanjo ya pepopunda inahitajika, na dawa gani ianze kupitia mshipa usiku huo huo.