Kifaa cha mkononi au mashine kubwa? Maswali yenu kuhusu ultrasaundi ya macho

Daktari, mama ana mtoto wa jicho. Zahanati walimpima kwa kifaa kilichochomekwa kwenye simu. Tulipofika hospitali ya rufaa akapimwa tena, tukalipa tena. Si wanatuchuna tu? – Dada wa Usa River

Hapana, dada. Mtoto wa jicho akikomaa, lenzi inakuwa nyeupe na daktari haoni kilichopo nyuma yake, ila mawimbi ya sauti ya ultrasaundi yanapita. Kile kifaa kidogo kilitazama kama retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imekaa mahali pake na kama kuna damu au uvimbe.

Kipimo cha pili kilikuwa cha urefu wa jicho, ili ichaguliwe lenzi bandia. Jicho la mtu mzima lina milimita 23 au 24 hivi. Mpimaji akikosea milimita 1 tu, mama anatoka kwenye upasuaji akihitaji miwani ya karibu namba 3, na lawama zote zinamwangukia mpasuaji. Hata kubonyeza kidogo hufupisha kipimo, ndiyo maana wapimaji makini huweka maji kati ya kichwa cha mashine na jicho. Rula ya kupimia picha kwenye kile kifaa cha simu ni ya kukadiria, haitoshi kwa kazi hiyo.

Wahisani wanataka kutununulia kifaa cha mkononi. Kitatufaa kwa macho? – Tabibu, Karatu

Kitafaa, ila uliza kwanza masafa yake, yaani mitetemo ya sauti kwa sekunde. Kichwa cha kupimia mimba, cha megahezi 2 hadi 5, kinafika mbali, lakini picha ya jicho utaiona kama unachungulia kupitia chandarua. Mashine za macho hutumia 10 hadi 20 kwa sehemu ya nyuma, na kama 50 kwa sehemu ya mbele. Hiyo ya 50 usiitarajie mkononi. Hakikisha pia kina mpangilio wa macho, unaopunguza nguvu ya sauti. Kama hakina, usikiweke jichoni.

Ukishakuwa nacho: kope zifungwe, jeli iwe nyingi, mkono wako uegemee paji la uso ili usikandamize jicho. Mwambie mgonjwa azungushe macho akiwa ameyafumba. Retina iliyobanduka yote utaiona kama utando mweupe mzito, umeng'ang'ania pale neva ya jicho inapoingilia. Utando wa ute unaojaza jicho, ukijitenga na retina, nao huonekana na huyumba kwa uhuru zaidi, lakini ukipunguza mwangaza wa picha unafifia mapema. Wanaoanza huchanganya hivi viwili kila siku, awe na kifaa cha mkononi au mashine ya gharama kubwa. Ukiona utando na huna uhakika, andika rufaa leo, usisubiri kliniki ya wiki ijayo.

Kijana wangu anachomelea mageti, kipande cha chuma kimemruka jichoni. Apimwe kwa hicho cha simu? – Fundi, Unga Limited

Asiguswe, fundi wangu. Kama jicho limetoboka, kulibonyeza kunaweza kusukuma nje vilivyomo ndani. Msilikande, msilisafishe, msijaribu kukitoa hicho chuma. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, mfunike nacho bila kugusa jicho, mkimbizeni hospitali leo hii. Huko watampiga eksirei au CT, yaani eksirei ya kompyuta. MRI, kipimo cha picha cha sumaku, asifanyiwe kabisa mpaka ijulikane hakuna chuma kilichobaki, kwa sababu sumaku yake itakivuta.

Kinapima presha ya jicho? – Mzee wa Marangu

Shikamoo mzee wangu. Hakipimi, wala ile mashine kubwa haipimi. Presha ya jicho ina kipimo chake.

Kwenye picha za simu, jicho moja la mwanangu linang'aa jeupe. Kifaa kidogo hakikuonyesha kitu. Nitulie? – Mama, Moshi mjini

Usitulie, mama. Mng'ao huo unaweza kuwa saratani ya retina ya watoto, na uvimbe mdogo unaweza kukipita kifaa cha aina yoyote. Mtoto anatakiwa apanuliwe mboni na kuangaliwa retina yote, pengine akiwa amelazwa usingizi. Mpeleke idara ya macho ya hospitali ya KCMC wiki hii hii, na picha hizo za simu usizifute, kawaonyeshe.