Hatua tatu au nne kati ya kiunzi na kiunzi?

Swali

Shikamoo kocha. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari hapa Moshi. Septemba 15, 2025 tuliamka na habari njema ya Alphonce Simbu kutwaa dhahabu ya marathoni kule Tokyo, na alasiri ya siku hiyohiyo nikakaa na wanafunzi wangu kutazama fainali ya wanawake ya mita 100 kuruka viunzi. Tulihesabu hatua: tatu kati ya kiunzi na kiunzi, mpaka mwisho. Nina binti wa kidato cha tatu, miaka 16, ambaye kwenye mita 100 za kawaida hakuna anayemkaribia shuleni. Kwenye viunzi anaanza vizuri kwa hatua tatu, akifika cha tatu zinakuwa nne, cha sita tano, na vya mwisho anakaribia kusimama ndipo aruke. Namwambia arefushe hatua lakini anazidi kuharibu. Viunzi vyetu vilichomelewa na fundi wa mtaani, urefu sentimita 84 kama sheria inavyotaka. Je, nimwache apige nne au nimkazie tatu? Na akigonga kiunzi, anaondolewa? Kwenye televisheni naona wakubwa wanavigonga na mbio zinaendelea.

Jibu

Marahaba, mwalimu. Kabla ya mazoezi ya jioni ya leo, acha kumwambia arefushe hatua. Neno hilo ndilo linalomharibia, na nitakueleza sababu kwa kutumia haohao mliowatazama Tokyo.

Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 13. Kutoka kimoja hadi kingine ni mita 8.5, na baada ya cha kumi zinabaki mita 10.5. Kwa wanawake wakubwa ndivyo ilivyo duniani kote, na kwenye Olimpiki mbio hizi zimekuwa za mita 100 tangu Munich 1972. Kabla ya hapo zilikuwa mita 80. Sasa ichukue ile mita 8.5 uikate vipande. Mkimbiaji wa ngazi ya Ditaji Kambundji, Mswisi aliyeshinda siku ile kwa sekunde 12.24, hujirusha akiwa kama mita mbili kabla ya kiunzi na hutua kama mita moja baada yake. Toa hizo tatu. Zinabaki mita tano na nusu hivi za kugawanya kwa hatua tatu, yaani kila hatua haifiki mita mbili. Lakini mwanamke mwenye kasi ya namna hiyo, akikimbia bila viunzi, hatua yake huzidi mita mbili. Kwa hiyo wale hawarefushi hata kidogo, bali wanafupisha. Nafasi ni finyu kwao, na kazi yao kubwa ni kuiwahisha miguu chini ya mwili kabla kiunzi hakijawafikia.

Ajali mbili ninazozikumbuka kuliko zote zinaonyesha ufinyu huo. Olimpiki ya Barcelona 1992, Gail Devers wa Marekani alikuwa ameshashinda mita 100, na kwenye viunzi alikuwa anaongoza hadi cha kumi. Akakigonga, akapepesuka, akaanguka kwenye mstari wa kumalizia na kuwa wa tano. Dhahabu ikaenda kwa Voula Patoulidou wa Ugiriki. Olimpiki ya Beijing 2008, Lolo Jones, naye wa Marekani, alikuwa mbele, akagonga cha tisa, akamaliza wa saba. Kwa kasi ile, hatua moja ikizidi kidogo tu umeshakisogelea kiunzi mno, na mguu unaotangulia hauna tena nafasi ya kuinuka. Upepo nao humsukuma mtu hukohuko. Ndiyo maana nilishangazwa na Tobi Amusan wa Nigeria kwenye Mashindano ya Dunia kule Eugene, Marekani, mwaka 2022: nusu fainali aliweka rekodi ya dunia ya 12.12, kisha kwenye fainali akakimbia 12.06 huku upepo wa mgongoni ukiwa mita 2.5 kwa sekunde. Muda huo haukuhesabiwa rekodi kwa sababu mwisho ni mita 2.0. Mimi namsifu zaidi kwa kubaki salama katikati ya viunzi kumi huku upepo unamsukuma.

Binti yako yuko upande wa pili kabisa. Kwake mita 8.5 ni ndefu. Ukimwambia arefushe, anautupa mguu mbele ya mwili, unatua kwa kisigino, na kila unapotua hivyo unamfungia breki. Akipoteza kasi kidogo kwenye kiunzi cha pili, cha tatu kinakuwa mbali zaidi kwake, na cha nne mbali zaidi ya hapo. Tatu, nne, tano, kusimama: mfuatano huo unatokana na breki, mwalimu, wala hauna uhusiano na uvivu au woga.

Na breki yenyewe huanzia juu ya kiunzi, kabla hata hajaanza kuhesabu hatua. Watoto wengi wa huko kwenu nimewaona wakiruka kiunzi kama mtu arukaye mfereji wa maji njiani: anasogea karibu kabisa, anapanda juu, anatua miguu ikiwa mbele na kiwiliwili nyuma, halafu anajikusanya upya ndipo aendelee. Kwenye mfereji ni sawa. Kwenye viunzi, hatua ya kwanza baada ya kutua inakufa, na ikishakufa hiyo, mbili zinazobaki haziwezi kuifidia.

Hapa uwanja wenu wa vumbi unakusaidia kuliko tartani, ile sakafu ya mpira ya viwanja vya kisasa. Mwagia maji kidogo mbele na nyuma ya kiunzi cha kwanza na cha pili, sawazisha udongo, mwache akimbie mara moja kwa nguvu zake zote. Kisha chukua tepu. Pima kutoka alama ya mguu wa kujirusha hadi kiunzi, na kutoka kiunzi hadi alama ya kutua. Ukikuta anajirusha mita moja na nusu kabla na kutua mita moja na nusu baada, umepata ugonjwa: anapanda na kushuka kama paa la nyumba. Tunataka ajirushe mbali na kutua karibu, goti likianza kukielekea kiunzi mapema, kifua kikiinama juu ya paja, na mguu uliotangulia ushushwe kwa makusudi chini ya mwili badala ya kusubiri uanguke wenyewe. Mguu unaofuata upite pembeni, goti likiwa limekunjwa usawa wa kwapa, na likija mbele liwe tayari ni hatua ya kwanza ya mbio.

Sasa swali lako, tatu au nne. Kwa mazoezi jibu langu ni tatu, lakini kwenye nafasi inayomfaa yeye. Sogeza viunzi hadi mita 7 kati ya kimoja na kingine, na urefu uushushe hadi sentimita 60 hivi. Akipiga tatu bila kunyoosha mguu, hapo ndipo pa kuanzia. Akishindwa, punguza tena, wala usione haya. Weka vitatu tu, halafu vinne, halafu vitano. Akipita vitano vyote na mdundo haujabadilika, ongeza nafasi kwa urefu wa unyayo mmoja, na usiguse urefu wa kiunzi wiki hiyo. Wenzake wakae pembeni wapige makofi: pa-pa-pa, juu, pa-pa-pa, juu. Sikio linashika mdundo mapema kuliko jicho, na yeye mwenyewe atasikia ni wapi anachelewa. Mimi huwa nafumba macho kabisa wanafunzi wangu wanapopita.

Na hiyo sentimita 84 ni ya wanawake wakubwa. Kwa usahihi ni 83.8. Wasichana walio chini ya miaka 18 hutumia sentimita 76.2, nafasi ikibaki mita 8.5 ileile. Umekuwa ukimpa binti wa miaka 16 kiunzi cha Olimpiki. Ongea na waandaaji mapema ujue watapanga urefu gani.

Kama mashindano ya UMISSETA, yale ya shule za sekondari, yako karibu na hakuna muda wa haya yote, basi mwache apige nne, ila nne tangu kiunzi cha kwanza hadi cha kumi. Kinachomuua ni kubadilisha katikati. Nne ina sharti moja: mguu unaotangulia hubadilika kila kiunzi, kulia, kushoto, kulia. Kwa hiyo mfundishe miguu yote miwili, na hilo halitapotea bure hata akija kupiga tatu. Tano simshauri, atakuwa anakanyaga palepale.

Angalia pia anavyoanza. Hadi kiunzi cha kwanza wengi hupiga hatua nane. Kwa hatua nane, mguu wake wa kujirushia ndio unaokaa mbele kwenye vibao vya kuanzia. Ukimkuta kauweka nyuma, atafika kiunzini kwa mguu usio wake, na hapo utamlaumu kwa kosa ulilompangia wewe.

Kuhusu kugonga: hapana, kuangusha kiunzi chenyewe si kosa, hata akiangusha vyote kumi kwa bahati mbaya. Ataondolewa akikisukuma kwa mkono, kwa mwili au kwa upande wa juu wa mguu unaotangulia. Pia ataondolewa mguu wake ukipita ubavuni mwa kiunzi chini ya usawa wa ubao wa juu. Au kiunzi alichokiangusha kikimzuia mwenzake. Kwenye mbio za mzunguko, yaani mita 400 kuruka viunzi, lile la mguu kupita ubavuni huwanasa wengi, kwa sababu kwenye kona mguu wa nyuma hupenda kuning'inia nje. Adhabu halisi ya kugonga ni muda. Olimpiki ya Paris 2024, Masai Russell alishinda kwa 12.33, Cyréna Samba-Mayela akapata 12.34 na Jasmine Camacho-Quinn 12.36. Kwa tofauti kama hizo, kugusa ubao mara moja tu kunaweza kukutoa kwenye medali.

Lakini swali hilo limenipa hofu kuhusu viunzi vyenu vya kuchomelea, na hapa nakuomba unisikilize sana. Kiunzi halali kina uzito usiopungua kilo 10, na kimesawazishwa ili kianguke kikisukumwa katikati ya ubao wa juu kwa nguvu ya kilo 3.6 hadi 4. Miguu yake hulala upande mmoja tu, ule anakotokea mkimbiaji. Ukikitazama ubavuni kina umbo la herufi L. Mtoto akikigonga, kinalala mbele naye anaendelea. Miaka ya nyuma, kwenye mashindano ya shule, nilikuta viunzi vyenye miguu pande zote mbili kama benchi. Niliviona asubuhi, nikanyamaza kwa sababu sikuwa mwenyeji. Msichana mmoja alikigonga cha nne kwa goti, kikagoma kuanguka. Hakurudi tena kwenye viunzi, na ukimya wangu wa asubuhi ile bado unaniuma.

Kwa hiyo kesho mwite fundi. Kama miguu iko pande zote mbili, akate ya upande anakotua mkimbiaji. Ubao wa juu usiwe chuma. Weka ubao mwepesi, au kwa mazoezi bomba la maji la plastiki lililolazwa tu juu ya vishikizo bila kufungwa. Na usimruhusu mtoto yeyote kuviruka akirudi kutoka upande wa nyuma, hata kwa mchezo, maana upande huo kiunzi hakianguki. Kwa wadogo wa kidato cha kwanza, vipande vya migomba iliyokwisha kuvunwa, vikilazwa chini, vinatosha kabisa kuwafundisha mdundo. Hata wakivikanyaga hawaumii sana.

Najua kuna atakayekushauri umhamishie mita 400 kuruka viunzi, kwa kuwa kiunzi chake ni kifupi, sentimita 76.2, na nafasi ni mita 35. Ni mbio nzuri. Nawal El Moutawakel wa Moroko alitwaa dhahabu yake ya Olimpiki huko mwaka 1984. Ila usimpeleke kwa kukimbia tatizo la hatua. Huko nako hatua huhesabiwa, na anayepiga 14 lazima aweze kuruka kwa miguu yote miwili.

Ukishapima zile alama za vumbini, niandikie namba zote mbili, ya kujirusha na ya kutua, pamoja na nafasi uliyoanzia. Nitakupangia wiki sita za kwanza kwa kuzitazama hizo.