Nyota niliyoifumua usiku

Kamwene nyote. Swali lenu la wiki lilikuwa: mapambo ya Krismasi nyumbani kwako mwaka huu yametoka wapi, na nani ameyatengeneza? Mimi ni fundi cherehani hapa Mafinga, mkoani Iringa, Tanzania. Ya kwetu yametoka chini ya meza yangu ya kazi, na aliyeyatengeneza ni binti yangu wa miaka 7. Mimi nilikuwa msaidizi wake, na kuna mahali niliharibu. Nitafika hapo.

Tangu shule zifungwe anashinda nami kibandani, maana mvua za Desemba huku kwetu zikianza mchana hakuna mtoto wa kucheza nje. Chini ya meza nina kiroba cha masalia: vipande vya vitenge, vya sare za shule, vya bitana za makoti. Miaka yote huwa nawagawia watu wa kutengeneza mito. Safari hii alikimwaga sakafuni, akaanza kupanga kwa rangi, nikaona mwenyewe kwamba kazi imeshaanza.

Kilichotufaa kuliko vyote ni mifuko mbadala iliyokatika mikono. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, kila nyumba ina rundo la hii ya rangi rangi, ikichanika inatupwa jalalani. Kwa mtoto anayejifunza mkasi haina mfano wake. Kitenge ukikikata bila kukipinda kinachambuka nyuzi, lakini mfuko huu unaukata utakavyo na ukingo unabaki vilevile. Alikata vipande vyembamba vya urefu wa kiganja, akavikunja duara kimoja ndani ya kingine, nikamshikizia kwa uzi. Mnyororo ule sasa umezunguka sebule nzima.

Mti hatukununua wala hatukukata. Tunaishi jirani na Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa nchini, na paini ya shambani si ya kujikatia tu. Lakini panapopasuliwa mbao matawi hubaki, na jirani anayefanya kazi hiyo alituletea moja likiwa na matunda yake, yale magumu yanayobanana kama ngumi. Binti yangu alisikitika kuyaona yamefumba. Nikamwambia asubiri. Tuliyaweka kando ya jiko la mkaa, mlango tumeuacha wazi ili hewa ipite, tukakaa. Baada ya muda tukasikia tak, kisha tak nyingine, magamba yakaanza kuachana moja moja kuanzia kichwani, na mbegu zenye bawa jembamba zikadondoka kwenye sinia. Paini za aina hii, ambazo asili yake ni Mexico, hushika mbegu zake hivyo mpaka joto liziamuru. Hakusema neno. Alikuwa amelala kifudifudi, kidevu mikononi, anasubiri tunda linalofuata.

Gundi ni unga wa ngano vijiko viwili, ukorogwe kwanza kwa maji ya baridi usishike madonge, ndipo uinjikwe mpaka uwe uji mzito. Vizibo vya soda nilivipiga nyundo na kuvitoboa mimi mwenyewe kwa msumari, kwa sababu kingo zake zinakata vidole. Yeye alivitunga kwenye uzi, vinalia kama njuga mtu akipita. Mshumaa karibu na tawi hilo hatuweki hata kidogo. Paini ina utomvu, na ikikauka inashika moto haraka kuliko unavyoweza kuukimbilia ndoo.

Sasa nyota. Alitaka kuishona mwenyewe, kwa sindano, kama baba. Nilimpa kitenge cha bluu na kipande cha bitana nyekundu, akakata pembe nne, akazishona kwa mkono siku mbili nzima. Mshono ulikuwa mrefu hapa, mfupi pale, mahali pengine uzi umerudi juu ya uzi. Na kifungo, kimoja kikubwa cha koti la zamani la bibi yake, akakiweka kwenye ncha ya pembe ya chini, kule pembeni kabisa.

Usiku amelala, niliitazama ile nyota na mkono ukanisogea wenyewe. Miaka 15 nimelipwa kwa kunyoosha mishono ya watu. Nikaifumua. Nikaipitisha cherehani, nikaipiga pasi, kifungo nikakiweka katikati. Nilikwenda kulala nikiamini nimempa zawadi.

Asubuhi aliishika, akaigeuza, akaiweka mezani polepole.

"Hii si yangu, baba."

"Ni yako, mama. Nimeinyoosha kidogo tu." Namwita mama kwa sababu ana jina la mama yangu.

"Yangu kifungo kilikuwa chini. Nilikiweka chini ili isipeperuke mlango ukifunguliwa."

Nilikosa la kusema. Mimi ninayeshonea watu mapazia, ninayejua kwamba pindo la chini likiwa jepesi pazia halikai, sikuona kwamba mtoto wa miaka 7 amefikiri jambo lilelile. Niliona mshono uliopinda, basi. Nilimwomba radhi. Naandika hili wazi kwa sababu najua wazazi wengi tunafanya hivyo: mtoto akibandika, tunabandua tubandike vizuri, akipaka rangi, tunapakia juu yake. Tunadhani tunamsaidia. Kumbe kazi yake tumeiondoa nyumbani, tukaacha ya kwetu.

Kushona upya ileile hakukubali, na sikumlazimisha. Siku mbili hakugusa sindano, na zile siku mbili ziliniuma. Siku ya tatu alikuja kibandani, akachagua vitambaa vingine, kijani na njano, akaniambia nikae mbali. Nikakaa mbali. Aliponiita ilikuwa kumtungia uzi tu, kwa kuwa tundu la sindano lilimshinda.

Nyota zote mbili zinaning'inia juu ya mlango wa sebule. Upepo ukiingia, yake inatikisika kidogo na kutulia, yangu inageuka mgongo na kurudi, inageuka na kurudi. Juzi jioni aliniletea kifungo kutoka kwenye kopo la mama yake, cheusi, kizito, akaniambia nikishone kwenye pembe ya chini ya ile yangu. Nimekishona kwa mkono.