Ukilala Kutazama Nyota, Inuka Polepole

Kutazama nyota umesimama ni kuitesa shingo bure. Hapa Mwanza tuko nyuzi 2.5 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo Januari, kwenye saa nne usiku, kundi la Jabari linakuwa karibu utosini kabisa. Ukilitazama ukiwa wima utapinda shingo nyuma mpaka kichwa kizunguke. Tandika mkeka, lala chali. Ushauri huo wageni wangu huupokea bila ubishi. Wanaoupuuza ni ule wa pili, wa namna ya kuinuka, na huo ndio ulionikalisha niandike.

Mtu akishalala chali nusu saa, mwili hauna kazi kubwa ya kupandisha damu kichwani. Akiruka tu kusimama, zaidi ya nusu lita ya damu inateremka miguuni na tumboni. Kwa kawaida mishipa hujibana na moyo hukaza mwendo, mambo yakawa sawa ndani ya sekunde chache. Vikichelewa, presha inashuka, na macho ndiyo huwa ya kwanza kulalamika, kwa sababu ndani ya jicho kuna msukumo wake na damu inahitaji nguvu ya kutosha kuingia humo. Ndipo unaona nyotanyota, kisha kiza kinaanza kula pembeni, masikio yanavuma. Hospitalini wanapima ukiwa umelala, halafu ukiwa umesimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, ndani ya dakika 3, wanalihesabu kuwa tatizo la kufuatilia.

Na sisi wa huku tuna la ziada: majabali. Jiwe lililopigwa na jua mchana kutwa linabaki na joto mpaka usiku, na ni raha kulilalia, lakini joto hilo linatanua mishipa ya ngozi. Jumlisha na mtu ambaye tangu asubuhi amekunywa chai tu, au amemeza kidonge cha presha jioni, au ameshuka na bia mbili. Huyo akiinuka kwa pupa juu ya jabali, kizunguzungu si hatari kama kule chini anakoangukia.

Basi inuka hivi. Kunja magoti kwanza, geuka ubavu, jisukume kwa mkono ukae. Kaa hapo dakika moja au mbili huku unachezesha vifundo vya miguu, maana misuli ya mashavu ya miguu ndiyo inayosukuma damu kurudi juu. Kisha simama ukiwa umeshika kitu, na usianze kutembea mpaka uwe na uhakika na miguu yako. Hata nyumbani fanya hivyo hivyo. Wazee wenzangu wa kiume mnaoamka saa nane usiku kwenda msalani, kaeni mnapokojoa. Najua hamtapenda kusikia, ila wanaume wengi huzimia pale pale, wima, gizani, kati ya ukuta na ndoo.

Nyota zikishaanza kucheza machoni, usishindane nazo. Kaa chini au lala hapo hapo ulipo, hata kama suruali ni mpya. Kama hakuna pa kukaa, pishanisha miguu, kaza mapaja na matako kwa nguvu, au funga ngumi na kuzikaza. Inasaidia kuipandisha presha kidogo. Mwenzako akizimia, mlaze chali, mnyanyulie miguu, legeza nguo shingoni, waambie watu wasimsonge. Usimkalishe, na usimmiminie maji mdomoni kabla hajazinduka vizuri.

Hiyo ya kuinuka ghafla mara nyingi hupita. Ikijirudia kila siku, nenda ukapimwe damu, sukari na presha, na umweleze daktari dawa zote unazotumia. Usijiachishe kidonge cha presha mwenyewe. Mwenye kisukari anayeona nyota huku anatetemeka na jasho linamtoka apewe kitu chenye sukari mara moja kama anaweza kumeza, maelezo baadaye. Mjamzito aliyevuka wiki 20, akiona vimulimuli na kichwa kinamuuma sana, au uso na mikono vimevimba, aende hospitali usiku huo huo. Asiambiwe ni uchovu wa mimba. Mwanga unaowaka ghafla kwenye jicho moja, kama radi, pamoja na vidoadoa vingi vipya au kivuli kama pazia, ni hatari kwa jicho lenyewe, nalo halingoji wiki ijayo. Nyota zinazokuja na maumivu ya kifua, mdomo kupinda au mkono kulegea, hizo hata sizijadili: tafuta gari.

Turudi kwenye nyota za juu. Capri Point ni pazuri kwa machweo, lakini taa za mji zinameza nyota ndogo zote. Napendelea kwenda Igombe au Kayenze, na mwenye nafasi avuke kwa kivuko mpaka Ukerewe. Kalenda yangu naichukua kwa wavuvi wa dagaa. Wao huvuta dagaa kwa taa, na mwezi ukiwa mkubwa taa hazifui dafu, hivyo wanapumzika. Giza likirudi, wanarudi ziwani. Giza lao ndilo langu. Siku moja nilimuuliza mvuvi mmoja mzee:

"Shikamoo mzee, giza linaanza lini?"

"Marahaba. Keshokutwa, mwanangu. Mtumbwi wako uko wapi?"

Nadhani bado anaamini nimeuficha mahali. Kasoro ni moja: usiku huo ziwa linajaa taa zao kama mji mwingine, kwa hiyo tafuta jiwe la kukukinga. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kuwasha simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo. Tochi yako izungushie kitambaa chekundu. Kilimia, kile kishada cha nyota ndogo, usikikazie macho. Tazama pembeni yake kidogo, utahesabu nyota nyingi zaidi, kwa sababu sehemu ya jicho inayoona vizuri gizani haiko katikati.

Mei, kwenye saa nne usiku, Msalaba wa Kusini unakuwa upande mmoja na Dubu Mkubwa upande wa pili, karibu kimo kimoja. Watu wa Ulaya hawapati bahati hiyo. Julai, Nge yuko juu, mkia wake umezama kwenye Njia Nyeupe, ule ukanda wa mwanga hafifu unaokatiza anga, na mawingu ni machache.

Vaa mikono mirefu na jipake dawa ya mbu, maana malaria nayo huleta kizunguzungu. Usikae kwenye majani ya ukingoni, viboko hutoka usiku kulisha. Na radi ikianza kumulika upande wa ziwa, shuka jabalini mapema, hata kama juu yako bado kuko wazi. Dhoruba nyingi za ziwa hili hupiga usiku, na hazichelewi kufika.