Kungoja mtoto huku unaimba kwaya

Wiki iliyopita dada mmoja wa Mbeya aliniandikia. Ameolewa miaka mingi, hajapata mtoto, na siku hizi hata "Baba yetu" inamshinda. Akauliza, "Wewe unawezaje kuendelea kuimba?"

Nimechelewa kumjibu kwa sababu amenigusa penyewe. Mimi bado nangoja. Mnaosubiri niwape ushuhuda wa mapacha, sina.

Kukosa mtoto kunauma, ila tafsiri za watu zinauma zaidi. Mtumishi mmoja alinisimamisha mbele ya mkesha mzima akasema kuna dhambi sijatubu. Mwingine akataka sadaka ya mbegu, yaani nitoe pesa kwanza ili tumbo lifunguke. Mama mmoja tunayeimba naye sauti ya pili alimchukua mtoto wake mikononi mwangu kama vile ninaambukiza. Huyo nimemsamehe. Nadhani. Mawifi siwasemi, Mungu anawajua kwa majina.

Ndipo nikampenda Hana wa kwenye Biblia, naye alikuwa hapati mtoto. Wahubiri wengi humkimbiza hadi kuzaliwa kwa Samweli, lakini mimi hubaki pale hekaluni Shilo, kuhani Eli anapomwona mwanamke akiomba kwa uchungu, midomo inacheza na sauti haitoki, akadhani amelewa. Kuhani mzima! Hana hakununa akaondoka. Alimweleza kwa heshima kwamba hajanywa kitu, anamimina roho yake mbele za Bwana. Kwa hiyo dada, mtu wa madhabahuni naye anaweza kuyasoma vibaya machozi yako.

Ushauri wangu, basi. Lalamika, na umlalamikie Mungu mwenyewe. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini". Ya 88 ni nzito zaidi: inaishia gizani, hakuna shangwe mwishoni, na bado Israeli waliiimba. Mimi niliisoma kwa sauti jikoni, nikalia, nikaenda mazoezi ya kwaya na macho mekundu.

Halafu nendeni hospitali, na mume apimwe pia. Msinitajie kukosa imani; Luka alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema karibu mtu mmoja kati ya sita hupitia tatizo la kupata mtoto katika maisha yake. Nilipolisoma hilo nililia tena, safari hii kwa nafuu: kumbe tuko wengi hivi, na wote tuwe na dhambi iliyofichwa?

Na endelea kuomba, hata kama ni kulalamika kulekule.

Na ninyi mnaotuambia "wakati wa Mungu ukifika", mnaujua urefu wake? Abrahamu alitoka Harani na ahadi ya uzao ana miaka 75, Isaka akazaliwa baba yake ana 100. Hapo katikati mjakazi wao Hajiri aliteswa kwa sababu wakubwa wake walichoka kungoja. Paulo aliomba mara tatu mwiba, lile teso la mwilini mwake, uondolewe. Akapewa neema, mwiba ukabaki. Wapendwa, acheni kupima imani ya mtu kwa tumbo lake! Kama Paulo angekuwa kanisani kwenu, si mngemwambia naye atubu?

Dada yangu, "Baba yetu" ikikushinda, waache wenzako waiseme, wewe itikia amina. Na ule mkesha wa Ijumaa ulioniuliza, kama wamesema uje na bahasha ya sadaka, baki nyumbani ulale.